Utajuaje maji yatafika wapi Tana River? Wazee, ardhi, kipimo cha mto na picha za setilaiti

Shemeji yangu alinunua ploti upande wa Garsen mwaka 2017. Huo ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, serikali ilikwisha kutangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na ardhi yote kule ilikuwa imepasuka hata mguu waweza kuzama kwenye nyufa. Dalali alimwambia, "Hapa mto uko mbali." Ni kweli, mto ulikuwa mbali, zaidi ya kilomita moja. Shemeji akajenga vyumba viwili na jiko, akamwaga sakafu ya saruji.

Masika ya 2018 maji yakaja usiku. Hayakutokea upande wa mto. Yalitokea nyuma, upande wa malisho, yakapita chini ya mlango wa jikoni polepole kama mtu anayeingia bila kubisha. Kulipokucha gunia la unga lililokuwa juu ya kigoda lilikuwa limelowa nusu, na ukutani leo bado kuna mstari wa tope chini kidogo ya dirisha.

Tangu siku hiyo watu wa familia na marafiki huniuliza: kabla sijanunua, kabla sijajenga, nimwulize nani? Mzee wa kijiji? Nisome mwenyewe ardhi? Nifuate vipimo vya mto na utabiri? Au nifungue picha za setilaiti kwenye simu? Nimezitumia njia zote nne, na kila moja nimeiona ikisaidia na ikipotosha. Hapa nazilinganisha kwa Kaunti ya Tana River, ingawa anayeishi kando ya mto mwingine mkubwa huenda akaokota la kumfaa.

Kwanza, maji yetu hutoka wapi

Tana huanza Aberdare na Mlima Kenya. Hola na Garsen ni nchi kavu, mvua yake ni chache, lakini mto unapita katikati yake ukibeba mvua iliyonyesha mamia ya kilomita huko juu. Ndiyo maana maji yaweza kutufikia jua likiwaka na mbingu nyeupe. Hayo ni ya mto wenyewe.

Yako na ya laga. Laga kama za Tula, Hirimani na Galole hukaa kavu miezi mingi, watoto wakicheza mpira kwenye mchanga wake, kisha mvua ikinyesha upande wa Kitui zinashuka kwa saa chache na kukata barabara. Na huko chini kabisa, Ozi na Kipini, mto uliojaa ukikutana na bamvua, yale maji makuu ya bahari, maji hukosa pa kwenda.

Kwa hiyo anayekuambia "hapa hakuna mafuriko" mwulize: ya mto, ya laga au ya bahari? Majibu matatu yaweza kuwa tofauti kwa ploti moja.

Vigezo ninavyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale. Kumbukumbu yake inarudi nyuma kiasi gani? Inaona kwa ukaribu gani, kaunti nzima au kiwanja chako? Inakwambia kina na muda, yaani maji yalifika goti au kifua, yakakaa siku mbili au miezi miwili? Inaonya ya kesho au inasimulia ya jana tu? Gharama yake ni nini? Na inakosea wapi?

Swali la muda watu hulidharau, nami naliona kubwa kuliko la kina. Nyumba ya udongo yaweza kustahimili maji ya kifundoni kwa siku moja. Yakikaa wiki tatu, kuta huyeyuka kutoka chini.

Njia ya kwanza: kumbukumbu za wazee

*Inarudi nyuma kiasi gani.* Wazee walio hai wanakumbuka mafuriko ya 1961, yale yaliyotangulia uhuru, na walisimuliwa na wazazi wao ya kabla ya hapo. Baada ya hayo kila mtu mzima anayakumbuka ya El Niño ya 1997 hadi 1998, kisha 2006, 2018, 2019 hadi 2020, na ya majuzi ya 2023 na 2024. Tarehe hawatakupa. Watakupa nani alizaliwa, nani alioa, ng'ombe gani walikufa, nawe utajumlisha mwenyewe.

*Ukaribu.* Hakuna njia inayoishinda hii. Mzee atakuonyesha mwembe huu na si ule.

*Kina na muda.* Hapa pia wanaongoza, ila inategemea umeuliza vipi. Siku moja nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kipokomo, kijiji kisicho mbali na Ngao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, mafuriko hufika hapa?"

"Hapa? La, hapa ni salama."

Nikakaa, tukazungumza mengine, ya mpunga na ya wajukuu. Kisha nikamwuliza, "Mwaka wa El Niño mlilala wapi?"

"Ah, mwaka ule tulihamia kule barabarani, kwenye tuta. Tulilala kule mpaka watoto wakazoea." Akainuka, akachukua fimbo, akaigusisha kwenye shina la mwembe juu ya kiuno changu. "Maji yalikuwa hapa."

Hakunidanganya aliposema salama. Kwake yeye salama ni kwamba maji yalikuja, yakarudi, na watu wote wakahesabiwa. Tena mkulima wa mpunga bondeni hayaiti mafuriko maji yanayofika kwenye muundi. Hayo ndiyo yanayompa chakula na udongo mpya. Mnunuzi anayetoka Malindi au Nairobi anatumia neno lilelile kwa maana nyingine. Kwa hiyo usiulize "hufika?" Uliza mlilala wapi, mlipikia wapi, mtumbwi ulifungwa kwenye mti gani, maji yalianza kuonekana upande upi, na mlirudi kulima mwezi gani.

Na usiishie kwa mzee mmoja. Akina mama wanajua choo kipi kilifurika kwanza na kisima kipi kiliharibika. Wachungaji wa Kiorma na Kiwardei wanajua malka zote, yale mapito ya mifugo kwenda mtoni, na mahali ambapo ng'ombe huanza kukwama kabla mtu wa kijijini hajaona hata tone.

*Onyo.* Kidogo. Wapo wanaosoma rangi ya maji na uchafu unaoelea, na naiheshimu elimu hiyo, lakini inakupa saa chache au siku moja.

*Gharama.* Nauli ya bodaboda, sukari na majani, na muda wako.

*Inakosea wapi.* Kumbukumbu hushika mafuriko makubwa na kusahau ya kawaida. Pili, ardhi ikiwa inauzwa au ina mgogoro, mjibuji huwa na upande wake. Tatu, na hili wengi hawalitazami: mto umebadilika. Anayesimulia 1961 anasimulia Tana isiyo na bwawa. Kindaruma lilikamilika 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru na Masinga, mpaka Kiambere mwaka 1988. Huku chini nako matuta ya mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, yalijengwa, yakabomolewa na maji ya El Niño, na barabara zimeinuliwa. Barabara iliyoinuliwa ni ukuta. Huzuia maji upande mmoja na kuyaongeza upande wa pili. Kila simulizi iulize mwaka, kisha jiulize mwaka ule kulikuwa na nini.

*Inamfaa* anayetaka kununua au kujenga mahali palipo na kijiji cha zamani. Haimfai sana anayetazama makazi mapya ambayo wakazi wake walihamia juzi.

Njia ya pili: kuisoma ardhi yenyewe

*Inarudi nyuma kiasi gani.* Kuliko mtu yeyote. Chimba shimo la mita moja. Ukiona matabaka, mchanga laini wa mtoni, juu yake udongo mzito mweusi, kisha mchanga tena, kila tabaka la mchanga ni maji yaliyopita hapo kwa nguvu.

*Ukaribu.* Hatua kwa hatua. Na hapa ndipo lilipo kosa la shemeji. Mto unaofurika huacha mchanga wake mzito karibu na ukingo, hivyo ukingo huinuka mwaka baada ya mwaka. Nyuma ya ukingo ardhi hushuka. Ndiyo sababu vijiji vingi vya zamani vya Wapokomo, pamoja na migomba na miembe yake, vimekaa kando ya mto kabisa, na bonde la mpunga liko nyuma. Mgeni huona ajabu, akadhani kuwa mbali na mto ni kuwa salama. Maji yakipata mwanya mahali fulani huko juu, huingia bondeni nyuma na kukujia kwa mgongo.

Tazama basi udongo. Wa kichanga na mwekundu kidogo ni wa mwinuko. Mweusi unaopasuka wakati wa jua ni wa mahali maji hukaa. Tazama mimea: mikindu, matete na mafunjo hupenda unyevu. Kichuguu kikubwa cha zamani ni dalili njema, ila si hakikisho. Tazama majani makavu na matawi yaliyonasa kwenye uma wa miti, juu kuliko mkono wako. Tazama kuta za nyumba kuukuu na majengo ya shule. Na ukiona ziwa lenye umbo la upinde, kama Shakababo, jua ni njia ya zamani ya mto. Mabonde madogo ya umbo hilo, hata yakiwa makavu na yamelimwa, ndiyo maji huyatafuta kwanza.

*Kina na muda.* Mstari wa tope hukupa kina bila ubishi. Muda haukupi, isipokuwa kwa kukisia kutoka kwenye mimea.

*Onyo.* Hakuna.

*Gharama.* Asubuhi moja na jembe.

*Inakosea wapi.* Ploti ikijazwa kifusi na ukuta ukipakwa rangi mpya, dalili hupotea. Mti wa mathenge nao umefunika sehemu kubwa ya kaunti. Ukiota mahali, husomi tena kitu. Na ardhi haina tarehe: haikwambii kama mstari ule ni wa 1998 au wa 2018.

*Inamfaa* kila mtu anayeweza kufika mwenyewe, hasa kwenye ardhi isiyo na wazee wa kuuliza.

Njia ya tatu: vipimo vya mto, mabwawa na utabiri

*Inarudi nyuma kiasi gani.* Kina cha Tana hapo Garissa kimepimwa tangu enzi za ukoloni, na leo kituo kiko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Ni kumbukumbu ndefu iliyoandikwa, yenye mapengo.

*Ukaribu.* Haba. Namba ya Garissa ni ya Garissa. Haijui kijiji chako wala tuta la jirani yako.

*Kina na muda.* Utasikia mita za kina au mita za ujazo kwa sekunde, na mtu wa kawaida hatajua afanye nini nazo. Lakini namba hiyo unaweza kuifanya iseme. Maji yakifika malka ya kijiji chenu, andika siku, kisha tafuta kipimo cha Garissa cha siku chache nyuma. Yakifika mlango wa shule, andika tena. Baada ya misimu miwili au mitatu una jedwali lako mwenyewe: kipimo kikifika hapa Garissa, sisi tunahamisha mbuzi, kikifika pale, tunahamisha watoto. Sijaona kazi ndogo yenye faida kubwa kama hii, na daftari la kurasa 96 latosha kabisa.

*Onyo.* Hapa ndipo njia hii inazipita nyingine zote. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika na wa vuli, na mkurugenzi wake wa kaunti huufafanua kwa eneo letu. NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kavu, Tana River ikiwamo. Bahari nayo husema mapema: El Niño ikitangazwa, au upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko wa mashariki, vuli yetu huwa nzito. Ilikuwa hivyo 1961, 1997, 2019 na 2023. Karibu zaidi na siku yenyewe, angalia Masinga. Bwawa hilo hujaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, ikitangaza kwamba linakaribia au linamwagika, walio chini wana siku kadhaa za kujipanga kabla maji hayajateremka hadi Garissa, na nyingine zaidi kabla ya Garsen.

*Gharama.* Redio, simu, na ubishi kidogo ofisini kwa chifu ili taarifa zisomwe barazani.

*Inakosea wapi.* Watu wamezoea kusema "bwawa halijafunguliwa, tulale." Mutonga, Kathita na mito mingine kutoka mashariki ya Mlima Kenya huingia Tana chini ya Kiambere, ambapo hakuna bwawa la kuizuia. Laga nazo hazimngojei mtu. Na utabiri wa msimu ni wa uwezekano. Unaweza kusikia "mvua kuliko kawaida" na kijiji chako kikakosa.

*Inamfaa* mkulima wa msimu, mfugaji, mwenye duka, mwalimu mkuu, na yeyote ambaye tayari anaishi bondeni na hana mpango wa kuhama. Kwa anayenunua ploti, msaada wake ni mdogo.

Njia ya nne: picha za setilaiti

*Inarudi nyuma kiasi gani.* Ramani ya maji ya dunia iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kwa picha za setilaiti za Landsat huanza 1984, kwa hiyo El Niño imo ndani ya kipindi chake. Sentinel-1, inayotumia rada na kuona hata kupitia mawingu, ilianza 2014, hivyo imeyakuta ya 2018, 2019, 2023 na 2024.

*Ukaribu.* Nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Kijiji utakiona, nyumba yako itaingia ndani ya nukta moja pamoja na ya jirani.

*Kina na muda.* Kina haipo kabisa. Muda unaweza kuukisia ukipata picha kadhaa zinazofuatana.

*Onyo.* Hutumiwa na wataalamu wakati wa janga. Kwako wewe ni historia.

*Gharama.* Bando na uvumilivu. Picha zenyewe ni bure.

*Inakosea wapi.* Setilaiti hupita siku zake, na maji yakifika kilele katikati ya safari mbili hayaonekani. Maji yaliyo chini ya msitu wa kando ya mto hujificha. Shamba la mpunga lenye maji linaweza kuhesabiwa mafuriko. La hatari zaidi ni ramani za mwinuko za bure: huweza kukosea kwa mita kadhaa, na huku delta, ambako nchi ni tambarare kama mkeka, mita moja ndiyo tofauti ya kulala ndani na kulala barabarani. Usiamini mtu anayekuonyesha rangi ya kijani kwenye simu na kukwambia pako juu.

*Inamfaa* aliye mbali. Ndugu zetu wengi wako Jeddah, Doha na Muscat, wanatuma pesa za kujenga kwenye ploti ambayo hawajaikanyaga. Kwao hii ndiyo njia pekee ya kutazama kwa macho yao wenyewe kabla ya kutuma. Inaifaa pia kamati inayotaka kuona eneo zima kwa pamoja: maji huingilia wapi, hupita wapi, hutokea wapi.

Barabara nayo ihesabiwe

Nyumba kavu isiyofikika ni hatari yake peke yake. Aprili 2024 barabara kati ya Garissa na Madogo ilikuwa chini ya maji, watu wakavushwa kwa boti, na moja ikapinduka Kona Punda, watu wakafa. Kwa kila njia uliyotumia juu ya nyumba, itumie tena juu ya njia ya kwenda zahanati na ya kwenda sokoni. Wazee na waendesha bodaboda ndio hujibu hili vizuri kuliko chombo chochote.

Basi uanzie wapi

Ukinunua ploti na unaweza kufika: anza na ardhi, kisha wazee watatu wasiohusika na uuzaji, mmoja wao awe mchungaji. Nenda nao kwa miguu, usiwahoji kwa simu. Setilaiti itumie mwishoni kuthibitisha mwaka waliotaja.

Ukiwa ughaibuni: picha za 1998 zikipatikana, 2018 na 2024 kwanza. Zikionyesha maji, sitisha. Zisipoonyesha, bado hujamaliza. Mtume ndugu unayemwamini akapige picha kuta kuukuu za jirani na shina la mti mkubwa ulio karibu, akiwa amesimama kando yake ili uone urefu.

Ukilima bondeni: redio na Masinga. Shamba lako linayahitaji maji yale. Unachotafuta ni kujua yanakuja lini, ili uvune au utoe mashine ya maji mapema.

Ukikaa kando ya laga, Hola, Bura au pengine: vipimo vya Garissa havikuhusu sana. Uliza laga ilipanda mpaka wapi na ilichukua muda gani kutoka sauti ya kwanza hadi maji yenyewe, kisha angalia mvua za upande wa Kitui.

Ukiwa Ozi, Chara au Kipini: linganisha siku za bamvua na taarifa za mto. Wavuvi wanazo zote mbili kichwani.

Ukiwa kwenye kamati ya kuchagua mahali pa shule au zahanati: njia zote nne, bila kupunguza hata moja, na majibu yaandikwe. Sisi kijijini tulinunua kopo moja la rangi ya mafuta nyekundu, tukaweka mstari na mwaka kwenye ukuta wa shule, 1998 juu, 2018 chini yake kidogo, huku wazee wawili wakibishana kuhusu upana wa vidole vinne. Mstari wa 2024 uliwekwa na mtoto wa darasa la sita aliyeyaona maji mwenyewe.